Kung'amua nahau za Kiingereza kutokana na muktadha: mwongozo kamili kwa msomaji wa Kiswahili

Mtu anaweza kujua kila neno la sentensi ya Kiingereza na bado sentensi yenyewe ikampita. Tazama hii: "After six months the new clerk knew the ropes, so nobody had to guide her." Clerk ni karani, rope ni kamba, na know hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza analijua. Lakini hapa hakuna kamba yoyote. Karani ameshazijua kazi na taratibu za ofisi, na aliyetuambia hivyo si kamusi, ni nusu ya pili ya sentensi: kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumwelekeza. Mwandishi ametoa nahau, na papo hapo ametoa maelezo yake.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo. Maana ya nahau itafute kwanza katika sentensi zinazoizunguka, kabla hujaanza kuchokonoa neno moja moja. Waandishi wa Kiingereza, hasa wa magazeti na wa vitabu vya shule, mara nyingi husema jambo lile lile mara mbili: mara moja kwa picha, mara nyingine kwa maneno ya kawaida. Msomaji mzuri ni yule anayeiona hiyo mara ya pili.

Ndiyo maana mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, katika karatasi ya pili ya Kiingereza, huuliza maana ya neno au fungu la maneno "as used in the passage", na maswali ya ufahamu katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania nayo hupima uwezo huo huo. Maneno hayo machache yana uzito mkubwa. Msahihishaji hatafuti maana uliyoikariri. Anatafuta maana inayokaa ndani ya kifungu kile.

Kifungu tutakachofanyia kazi

Nimeandika kifungu kifupi kuhusu jambo lililotokea kweli, mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa, Dodoma. Kisome chote mara moja, bila kalamu na bila kamusi.

"When the British government came to Kongwa in 1947 to grow groundnuts, it had bitten off more than it could chew. It wanted more than three million acres cleared, yet it had hardly tested the soil or studied the rainfall. The thick bush ate tractors alive. When the rains failed, the clay set as hard as brick. By 1949 the writing was on the wall: the harvests were a drop in the bucket compared with what had been promised. Officials in London still put on a brave face, but in January 1951 the government finally pulled the plug. Some thirty-six million pounds had gone down the drain."

Hatua ya 1: Fika mwisho kabla hujasimama

Wanafunzi wengi husimama pale pale wanapokutana na fungu gumu, wakabaki wanalikodolea macho. Usisimame. Nahau ya kwanza katika kifungu chetu, "bitten off more than it could chew", imo kwenye sentensi ya kwanza, lakini maelezo yake yako kwenye sentensi ya pili, na uthibitisho wake uko kwenye ya mwisho. Anayekwama mwanzoni anajinyima msaada aliowekewa mbele.

Ukimaliza, jiulize swali moja tu: kwa jumla habari hii inakwenda wapi? Hapa jibu halina utata. Mpango mkubwa ulianza, ukashindwa, fedha zikapotea. Hata kama hujaielewa nahau hata moja, umekwisha jua kwamba karibu zote zitakuwa upande wa kushindwa.

Hatua ya 2: Tafuta mahali maana ya wazi inapogoma

Sasa rudi mwanzo, kalamu mkononi. Kila fungu la maneno liulize: je, hili linaweza kutokea kama lilivyoandikwa? Serikali haina meno, basi haiwezi kung'ata wala kutafuna. Kichaka hakina mdomo wa kulia trekta. Fedha hazikumwagwa kwenye mfereji wa maji machafu. Hakuna aliyeandika ukutani. Piga mstari chini ya kila mahali pa namna hiyo.

Piga mstari chini ya fungu zima, usipige chini ya neno moja. Huu ni ufundi mdogo lakini unaokoa alama nyingi. Ukipigia mstari "plug" peke yake utaanza kufikiria plagi ya umeme. Ukipigia "pulled the plug" utaanza kufikiria tendo alilolifanya mtu, na tendo ndilo linaloulizwa.

Angalia pia upande wa pili, kwa sababu si kila picha ni nahau. Linganisha sentensi hizi mbili. "He had left his socks at home, and by midnight he had cold feet." Huyu miguu yake imepoa kweli, soksi kaziacha nyumbani. "He had promised to speak at the wedding, but when he saw the crowd he got cold feet." Huyu ameingiwa na woga akataka kughairi. Maneno "cold feet" ni yale yale. Kilichobadilika ni majirani zake: huku kuna soksi na usiku wa manane, kule kuna ahadi, umati na "but". Mwanafunzi aliyekariri orodha ya nahau mia mbili bila kuangalia majirani ataikosa sentensi ya kwanza.

Hatua ya 3: Amua upande kabla ya kuamua maana

Kabla hujatafuta maana kamili, amua kama fungu lina sifa njema au mbaya, linaongeza au linapunguza, linaanzisha au linamaliza. Mara nyingi hatua hii peke yake inakufikisha nusu ya njia.

"A drop in the bucket" ni kingi au ni kidogo? Mavuno yanalinganishwa na yaliyoahidiwa, na habari nzima ni ya kushindwa. Ni kidogo. "Pulled the plug" inaanzisha au inamaliza? Mbele yake kuna "finally", yaani hatimaye. Inamaliza. "Put on a brave face" ni jema au baya? Hapa ndipo penye utamu, maana "brave" ni neno zuri, lakini "but" iliyofuata inaonyesha kwamba ushujaa ule ulikuwa wa usoni tu. Maofisa walijikaza waonekane hawana wasiwasi.

Hatua ya 4: Fuata viunganishi na alama za uandishi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Viunganishi vya Kiingereza ni vifupi, havivutii macho, lakini ndivyo vinavyobeba maana ya nahau kutoka upande mmoja wa sentensi hadi mwingine.

"But", "yet", "although" na "instead" vinakuambia kwamba pande mbili zinapingana. Ukiuelewa upande mmoja, geuza maana yake, umepata mwanga wa ule mwingine. Katika sentensi yetu ya pili, upande wa kwanza wa "yet" kuna ekari zaidi ya milioni tatu, upande wa pili kuna udongo ambao karibu haukupimwa na mvua ambazo karibu hazikuchunguzwa. Ukubwa wa mpango umegongana na udogo wa maandalizi. Rudi sasa kwenye kung'ata na kutafuna: serikali ilijitwisha jambo kubwa kuliko uwezo wake. Hukuhitaji kamusi.

"So", "because", "since" na "as a result" vinaunganisha sababu na tokeo. "She was under the weather, so the doctor told her to rest." Hali ya hewa haiwezi kumfanya daktari amwambie mtu apumzike. Ugonjwa unaweza. Basi "under the weather" ni kutojisikia vizuri.

Nukta mbili ni zawadi, usiipite. Katika Kiingereza, kinachokuja baada ya nukta mbili aghalabu hufafanua kilichotangulia. "The writing was on the wall", kisha nukta mbili, kisha mavuno duni. Maana yake dalili za kushindwa zilikuwa zimeshaonekana wazi kwa anayetaka kuziona. Kistari kirefu na maneno kama "that is" na "in other words" hufanya kazi hiyo hiyo.

Na pale ambapo hakuna kiunganishi wala alama? Soma sentensi moja mbele. "When the manager heard about the missing receipts, he hit the roof. His shouting could be heard from the car park." Sentensi ya kwanza ikiwa peke yake ingetuacha njia panda: amekasirika, ameogopa, au amekimbia? Ya pili inamaliza ubishi. Anafoka hadi wanaoegesha magari nje wanamsikia. Amewaka hasira.

Hatua ya 5: Weka maneno yako mahali pake, kisha soma tena

Ukishapata dhana, iandike kwa Kiingereza chepesi na uiweke mahali pa nahau. "In January 1951 the government finally stopped the project." Inasomeka? Inapatana na sentensi inayofuata? Vizuri.

Jaribio hili linakamata makosa mawili. La kwanza ni la maana. Mtu akidhani "gone down the drain" ni kutumika tu, sentensi itakuwa "thirty-six million pounds had been spent". Kisarufi haina kosa, lakini imepoteza uchungu uliomo, maana habari inasema fedha zilipotea bure. "Had been wasted" ndiyo yenyewe. Kosa la pili ni la umbo. Kama nahau iko katika wakati uliopita, jibu nalo liwe katika wakati uliopita. Kama nahau inafanya kazi ya nomino, jibu nalo liwe nomino au fungu la nomino. Swali likiuliza maana ya "a drop in the bucket", jibu ni "a very small amount". Ukiandika "to be small" umeonyesha kwamba umeelewa, lakini jibu lako haliwezi kukaa mahali pa fungu lililoulizwa.

Pale Kiswahili kinapokusaidia, na pale kinapokupoteza

Msomaji wa Kiswahili haanzi mikono mitupu. Lugha yetu imejaa nahau, na akili iliyozoea "kupiga moyo konde" haishtuki kukutana na serikali inayotafuna. Zipo picha zinazokaribiana sana. "Spill the beans" ni kumwaga maharage, nasi tunaonyana tusimwage mtama penye kuku wengi. Pande zote mbili punje zimemwagika na siri imetoka. "Turn over a new leaf" iko jirani na kufungua ukurasa mpya. Anayefuatilia mpira anajua "park the bus" tangu zamani, kwa kuwa watangazaji wetu husema timu imepaki basi, yaani imejaza wachezaji nyuma kulinda goli lake. Picha hiyo ilipata umaarufu mwaka 2004, kocha José Mourinho alipoitumia kuilalamikia Tottenham baada ya mechi iliyokwisha bila bao dhidi ya Chelsea yake.

Chanzo kingine kikubwa ni Biblia. Maandishi ya ukutani yanatoka katika kitabu cha Danieli, sura ya 5, karamu ya mfalme Belshaza. Tone katika ndoo limo katika Isaya 40. Mbwa mwitu aliyevaa vazi la kondoo, ambaye kwa Kiingereza ni "a wolf in sheep's clothing", yumo katika Mathayo 7. Anayezijua habari hizo kwa Kiswahili amekwisha kuielewa nahau, amebaki kuitambua tu ikiwa imevaa Kiingereza.

Lakini tahadhari kubwa inahitajika pale picha zinapofanana na maana zikaachana. Chukua chumvi. Kwetu, aliyetia chumvi katika habari ameikuza, na aliyekula chumvi nyingi ameishi miaka mingi. Kwa Kiingereza, "take it with a pinch of salt" ni kuipokea habari bila kuiamini yote, na "rub salt into the wound" ni kumzidishia mtu maumivu ambayo tayari anayo. Chumvi ni ile ile jikoni, katika lugha kila mmoja ameitumia kivyake. Au chukua mkono mrefu. Kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi. "The long arm of the law" ni kinyume chake kabisa, ni mkono wa sheria unaomfikia mwizi popote alipojificha. Na "beat about the bush", yaani kuzungukazunguka bila kusema jambo lenyewe, isikuvute upesi kwenye kuzunguka mbuyu, kwa sababu kwetu azungukaye mbuyu anatoa rushwa.

Kanuni yangu ni hii: nahau ya Kiswahili inayokujia kichwani ichukulie kuwa dhana tu, kisha ipitishe katika hatua ya 5. Ikikaa, itumie. Isipokaa, iache, hata kama inafanana kiasi gani.

Nahau inapobadilisha sura

Vitabu vya shule huziorodhesha nahau zikiwa nzima, lakini katika habari halisi zinakuja zimekatwa, zimenyooshwa au zimeingiziwa maneno. "Open a can of worms", yaani kuibua matatizo mengi yaliyokuwa yametulia, inaweza kuandikwa "opened a very large can of worms". "Pull someone's leg", kumtania mtu, inakuja na "my", "your" au "the old man's" katikati.

Methali ndizo hukatwa zaidi. Ukiona "That was the last straw", jua kuna methali ndefu nyuma yake kuhusu unyasi wa mwisho uliomvunja ngamia mgongo. Ukiona "when in Rome" halafu kimya, mwandishi anategemea umalizie mwenyewe kwamba ukiwa Roma ufanye kama Waroma. Sisi pia tunasema "haba na haba" tukaishia hapo. Sentensi ya Kiingereza inapoonekana haikumalizika bila sababu, shuku methali.

Pale muktadha usipotosha

Kuna nahau ambazo sentensi jirani zitakupa upande wake tu, na undani wake umefichwa katika historia. "The headmistress read them the riot act" utaielewa kwa jumla, kwamba aliwakemea vikali. Ukijua kwamba Riot Act ilikuwa sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1715, na kwamba ofisa aliisomea tangazo lake hadharani kusanyiko la watu kumi na wawili au zaidi ili watawanyike ndani ya saa moja, utaona kwa nini ndani ya kemeo hilo kuna onyo la mwisho. "Cross the Rubicon" inatoka kwa Julius Caesar, aliyevuka mto huo na jeshi lake mwaka 49 kabla ya Kristo akawa hana tena njia ya kurudi nyuma. Herufi kubwa katikati ya nahau ni dalili nzuri: kuna mtu, mahali au tukio la kutafutwa.

Hapo sasa kamusi ina kazi. Tafuta chini ya neno zito la fungu, kwa kawaida nomino, kwa mfano "rope", "bucket" au "drain". Kamusi za wanaojifunza Kiingereza, kama zile za Oxford na Cambridge zilizopo mtandaoni bure, zina orodha ya nahau ndani ya neno husika. Tafuta fungu zima, na ukikuta maana mbili au tatu, rudi kwenye kifungu uchague ile inayokaa. Angalia pia kama ni matumizi ya Uingereza au ya Marekani. "Table a proposal" huko Uingereza ni kuliweka pendekezo mezani lijadiliwe, na huko Marekani ni kuliahirisha. Asiyejua gazeti limeandikwa wapi anaweza kuielewa habari kinyumenyume.

Lakini kuna picha ambazo kamusi haitakusaidia kwa sababu mwandishi amezitunga mwenyewe, hasa katika riwaya na mashairi. "His silence was a locked gate." Hapa jiulize geti lililofungwa lina sifa gani: linazuia kuingia, linaweka watu nje, mwenye ufunguo ni mmoja. Kisha angalia ni sifa ipi inayopatana na mtu huyu katika hadithi hii. Kama sentensi inayofuata inasema watoto wake waliacha kumuuliza maswali, basi ukimya wake ulikuwa unawaweka nje.

Jipime

"Asha's brother promised to keep the surprise party under his hat. For a week he did. Then Asha begged him, and within five minutes he had let the cat out of the bag. On the day she played along and screamed with surprise, but her mother was not born yesterday."

Tafuta nahau nne, na kwa kila moja onyesha neno au sentensi iliyokupa maana, kisha ndipo usome majibu yangu.

"Keep under his hat" ni kufanya siri. Dalili ni "promised" na "surprise", kwani sherehe ya kushtukiza haitangazwi. "Let the cat out of the bag" ni kutoboa siri, na dalili ni mgeuko kutoka "For a week he did" kwenda "Then". "Played along" ni kujifanya hajui, na inaelezwa na yowe alilolitoa wakati sisi tunajua ameshaambiwa. "Not born yesterday" iko baada ya "but": Asha alijaribu kudanganya, lakini mama si wa kudanganywa kirahisi. Hii ya mwisho pengine uliing'amua bila jasho, kwa kuwa akina mama wengi wa kwetu husema vivyo hivyo, kwamba hawakuzaliwa jana.